Kanali wa Lango la Duka

Kila mwisho wa mwezi, mlinzi mmoja mzee wa lango la duka hupita kwenye cherehani yangu hapa mtaani Rosettenville na sare yake, nikaze vifungo hata kama havijalegea. Kucha zake amezikata sawasawa. Shati hulikunja bila kulitazama, mikono kwanza, kisha kola. Kwao Kongo alikuwa kanali, na wenzake walipomwasi rais, yeye alibaki upande wa rais. Mkewe ndiye hulisimulia hilo kwa fahari.

Jumamosi iliyopita walikuja na binti yao, aliyezaliwa hapa, ambaye Kiswahili hukisikia lakini hujibu kwa Kizulu. Siku hiyo alijikaza kukisema.

“Papa, kwa nini mimi sina baba mdogo?”

“Ulikuwa naye,” mzee alisema, akijaribu shati mbele ya kioo. “Aliasi jeshi, akakuja kujificha kwetu. Mama yako akamupatia chakula. Mimi nikaita askari.”

Mkewe alimkodolea macho.

“Uliniambia alitorokea dirishani.”

“Ndiyo, nilikuambia hivyo.”

“Mama yako mzazi alikufa akimungojea!” mkewe alisema.

“Alikuwa muasi,” alijibu kwa sauti yake ileile ya upole. “Na mimi nilikuwa afisa.”

Alinishukuru, akaenda zamu. Binti alitoka nje akilia. Mkewe alibaki kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, kisha akaniuliza mimi, fundi tu wa nguo, leo akalale wapi.