Kila Kompyuta na Waya Wake

Ilianza Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, mjomba alipopanda juu ya meza na misumari mdomoni, akaanza kupigilia waya wa intaneti ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, nimeegemea maboksi, namtazama. Nilikuwa kidato cha tatu Kilosa, na likizo ile nilikuja Mikumi kukaa kwa mama mdogo.

Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Upande wetu wa barabara kuu kulikuwa na vibanda vya vocha, gesti mpya, na saluni yenye televisheni. Mama mdogo akafungua intaneti kafe. Alikuwa na kompyuta tano zilizotumika, alizozifuata Dar, fremu ya duka ya kupanga inayotazama maegesho ya malori, na laini moja ya simu ya mezani. Kompyuta ya kwanza ilikuwa inaingia kwenye intaneti vizuri kupitia ile laini. Nne nyingine zilikaa tu, kama wageni waliofika kabla chakula hakijaiva.

Fundi wa Morogoro aliyetakiwa kuziunganisha alikuwa kila siku anakuja kesho. Mwenye fremu akachoka. Alikuwa mzee mpole, hata hilo alilisema bila kupandisha sauti: fremu yake si stoo. Jumamosi jioni atapita. Akikuta bado ni kompyuta moja inayofanya kazi, Jumatatu anamwingiza mtu wa matairi. Na mtu wa matairi alikuwa ameshakuja kupima upana wa mlango. Mama mdogo aliacha kazi ya gesti kwa ajili ya ile kafe, na nafasi yake ilishachukuliwa. Ndiyo maana akamwita kaka yake.

Mjomba alikuwa fundi umeme wa malori. Trela ikifika Mikumi taa za nyuma zimekufa, dereva anaulizia yeye. Kwa hiyo aliunga kompyuta kama anavyounga trela: waya mmoja mrefu kutoka kwenye kompyuta ya kwanza, ukizunguka ukuta mzima, na kila meza akauchuna, akasokota tawi lake, akazungushia tepu nyeusi. Kebo fupi zilizokuja na kompyuta, zenye vichwa vya plastiki vya kuchomekea, alizikata katikati ili apate matawi. Kazi yake ilikuwa safi, imenyooka kama imepigiwa rula.

Na mimi nilijua haitafanya kazi. Shuleni Kilosa, mwalimu wetu alipofunga mtandao kwenye maabara ya kompyuta, mimi ndiye niliyemshikia waya na baadaye kubana vichwa mwenyewe mpaka vidole vikaota sugu. Nilijua kila kompyuta inataka waya wake, na nyaya zote zikutane kwenye swichi, kile kiboksi chenye matundu mengi ambacho mjomba alikiweka pembeni akidhani ni cha kutuliza umeme. Nilijua, na nilikaa kimya. Yule ni mjomba. Humwambii mjomba wako akiwa juu ya meza kwamba amekosea, tena mbele ya dada yake.

Mchana akamaliza, tukawasha. Kompyuta zote nne zikatuonyesha alama nyekundu. Mjomba akatoa taa yake ya kupimia, ile balbu ndogo yenye nyaya mbili, akagusa huku na huku. Haikuwaka. Alikung'uta vumbi kwenye suruali, akasema waya ni mzima, mashine za mitumba ndizo zilizokufa, hazitoi kitu. Mama mdogo aliketi kwenye kiti cha wateja, akaanza kusema taratibu kwamba labda mtu wa matairi atamruhusu aweke kompyuta zake nyuma mpaka apate mnunuzi.

Hapo nikasimama.

"Mjomba, naomba unipe meza moja. Ya pale kwenye kona. Nijaribu nilivyoona shuleni."

Alinitazama, akamgeukia dada yake. "Huyu? Si ndiye aliyetumwa chumvi juzi akarudi bila chumvi, ameona aibu kumwita muuzaji?"

"Nilikuwa nasubiri muuzaji atoke," nikasema.

Akacheka, akanisogezea boksi la nyaya. Nilikata kipande kirefu, nikakichuna, nikazipanga zile nyaya nane ndogo kwa rangi huku nazitaja kwa kunong'ona: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, na kuendelea hadi kahawia. Nikabana kichwa kwa koleo maalumu la kazi hiyo, ambalo lilikuwa bado kwenye nailoni. Upande wa pili vilevile. Kwenye hii kazi mikono yangu haina aibu, sijui kwa nini. Nikachomeka kompyuta ya kona kwenye swichi, na ya kwanza nayo nikaichomeka, nikaiamuru igawe intaneti yake. Taa mbili za kijani zikawaka kwenye kiboksi. Ukurasa ukaanza kushuka polepole kutoka juu, kama pazia.

Mjomba aliinama akatazama zile taa, akaufuata waya kwa kidole. Niliogopa kumwangalia usoni.

"Kwa hiyo kila moja na waya wake," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Zinakutana hapo kwenye swichi tu."

"Sasa ulikuwa unasubiri nini tangu asubuhi?" Hakungoja jibu. Alipanda mezani, akaanza kung'oa kazi yake mwenyewe msumari kwa msumari. "Haya mama," akaniambia mimi, "toa maelekezo."

Kuanzia hapo tulikwenda vizuri. Yeye alipitisha nyaya, maana kunyoosha waya ukutani hakuna wa kumshinda, mimi nilibana vichwa. Alikuwa ananitajia zile rangi kwa sauti kama utingo anayemsaidia dereva kurudi nyuma. Mama mdogo alituletea chai, akaisahau mkononi mwake.

Mwenye fremu aliingia jua likiwa linashuka. Tukamwamkia, akaitikia, akaanza kukaa kwenye kila kompyuta kwa zamu na kutaka kila moja imwonyeshe gazeti la leo, kwa sababu magazeti ya Dar hufika Mikumi na mabasi ya mchana na yeye huyakosa. Ya kwanza ikamwonyesha. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano, ya dirishani, ikagoma.

Mama mdogo akaenda kuchungulia nyuma ya ile kompyuta. Mjomba naye alikuwa ameshaanza kulalamikia mashine za mitumba. Nikasema mimi, na sauti yangu ilinishangaza kwa ukubwa wake.

"Mzee, hiyo kompyuta ni nzima. Kichwa cha waya nimekibana vibaya mimi. Naomba unisubiri kidogo."

"Nitakusubiri," akasema, akavuta kiti karibu kabisa.

Nilikikata kile kichwa nikaona kosa palepale: buluu na kijani zimebadilishana nafasi. Nikapanga upya, mzee akipumulia bega langu, nikabana, nikachomeka. Gazeti likashuka. Alisoma matokeo ya mpira mpaka mwisho, akasimama, akamwambia mama mdogo, "Mtu wa matairi nitamtafutia pengine."

Mama mdogo alitoka nje. Alirudi akiwa amenawa uso.

Kesho yake asubuhi sikwenda kanisani. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na ile kafe ilitakiwa iishi bila mimi, kwa hiyo nilichukua koleo, kipande cha waya na vichwa vichache, nikavuka barabara hadi kwenye malori. Nilimkuta mjomba amelala chini ya trela. Nikamwamkia, nikamwomba atoke, nikaketi naye juu ya tairi na kumfundisha kubana. Cha kwanza alikosea. Nikakikata, nikampa kingine.