Kilo Arobaini Darini

Bi Jalila Triki, mshonaji wa nguo za maharusi mjini Sfax, alijifunza Kiitaliano kwenye televisheni. Antena ya marehemu baba yake ilinasa stesheni za ng'ambo vizuri kuliko za nyumbani, basi kwa miaka arobaini alitia uzi sindanoni huku akiwasikiliza watu wa ng'ambo wakizozana na kusifia sabuni. Alipotimiza sitini na mbili aliona si adabu kusemeshwa miaka yote hiyo bila kujibu. Akaamua kwenda Palermo siku nane, kutembea tu.

Hiyo "kutembea tu" hakuna aliyeiamini. Ana nani kule? Hana mtu. Anakwenda kutibiwa? Mzima wa afya. Mara mbili aliomba viza, na mara mbili pasipoti ilirudi na karatasi yenye vijisanduku, kimoja kimetiwa alama: nia ya kurudi kwao haikuthibitika. Kabla ya hapo picha yake ilikuwa imekataliwa kwa kuwa sikio moja lilijificha. Hoteli nayo ilitakiwa ilipiwe kabla ya ruhusa ya kuifikia, jambo alilolifananisha na kununua kitanda cha mtoto kabla ya kupata mchumba.

"Wanaogopa utatoroka ukacheze dansi kwenye mabaa," alisema Selma, mdogo wake.

"Wakiniona nikicheza watanirudisha wenyewe."

Mwenye duka la fotokopi, mkabala na ofisi ya kupokea maombi, alimshauri ajiandikie mume. Bi Jalila akamwambia kwamba mume, hata wa karatasi, atataka kupikiwa.

Julai akaenda mara ya tatu. Msichana wa dirishani, mzaliwa wa Sfax, alipitisha hati ya nyumba na leseni ya duka bila kuinua macho, mpaka akafika kwenye tarehe: kumi na mbili hadi kumi na tisa Agosti.

"Mama, Agosti? Na kuskusi ya kula mwaka mzima ataianika nani?"

"Nitakuwa nimeshaianika. Kilo arobaini, darini juani. Dada yangu Selma ataigeuza asubuhi na jioni."

"Unamwamini?"

"Hata kidogo. Unadhani kwa nini nimeomba siku nane, si kumi na tano?"

Msichana akacheka, kisha akakumbuka yuko wapi. Akamsogezea karatasi tupu. "Mimi napokea tu mama, siamui. Lakini hayo uliyoyasema, yaandike."

Akaandika kwa Kiitaliano chake cha matangazo: kwamba yeye, Jalila, anaacha darini kilo arobaini za kuskusi mikononi mwa mtu asiyeaminika, na kwa hiyo atarudi. Akatia saini.

Nani aliisoma barua ile, haijulikani. Pasipoti ilirudi tarehe nane Agosti na viza ya siku nane, ya tisa haimo. Meli inaondoka baada ya siku nne, na darini hakuna hata punje. Bi Jalila hakutaka kujihangaisha kabla ya jibu.

"Viza si umeshapata?" alisema Selma. "Nani atapanda dari kukagua?"

"Nimetia saini, Selma. Lete ungo."

Siku nne waliviringisha unga kwa viganja uwe punje, mpaka mabega yakaomba radhi. Shuka za kuianikia zilipokwisha, kuskusi iliyobaki ikatandazwa juu ya kitambaa cha bitana cha bibi harusi mmoja, ambaye mpaka leo hajaambiwa.

"Na usiporudi?" Selma aliuliza mlangoni, sanduku likiwa tayari limetangulia.

"Nusu ya ile umeiviringisha wewe. Lazima nirudi niichekeche upya. Njiwa wakishuka, wafukuze."

Bandarini Palermo ofisa aliifungua pasipoti, akamuuliza kwa Kiitaliano amekuja kufanya nini. Katika miaka arobaini, ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti ya Kiitaliano kunyamaza na kungoja jibu. Bi Jalila akarekebisha mtandio wake, masikio yote mawili yakaonekana.

"Kutembea tu," alimjibu. "Nina kuskusi darini."