Mashine Moja, Wodi Mbili

Wenzake wa kitengo cha dharura walimwita Bi Rudia, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Majeruhi akishapimwa tumbo kwa altrasaundi na kuonekana hana damu ndani, wengine humwandikia ruhusa aende zake. Yeye husema, "Baada ya saa moja tunarudia." Damu huvuja kidogo kidogo, alieleza miaka kumi na moja hadi akachoka, wala haijali kwamba wewe umeshamaliza kupima.

Ila kurudia kunataka mashine, na mashine ilikuwa moja. Dharura na wodi ya wazazi waliitumia kama wake wenza wenye jiko moja, kwa zamu na kwa kununiana.

Asubuhi moja aliletwa fundi wa mapaa aliyeteleza akaangukia ubavu wa kushoto. Bi Rudia alimpaka jeli tumboni, akaanza kupima. Mkunga wa wodi ya wazazi alikuwa amesimama kando yake, mkono tayari kwenye mpini wa toroli ya mashine.

"Dada, bado tu? Nina mama wa mapacha kule."

"Ngoja basi, nawe."

"Nimengoja tangu saa mbili."

Ini, safi. Wengu, safi. Kibofu, safi. Mkunga akaondoka na mashine hata jeli haijamkauka fundi wa watu.

Saa moja ilipopita, Bi Rudia alikwenda kuidai. Akaambiwa kuna mama mwingine anaangaliwa mtoto wake tumboni. Akasimama mlangoni akihesabu dakika. Alipofanikiwa kuiburuta mpaka dharura, gurudumu moja likigoma njia nzima, kitanda cha fundi kilikuwa kitupu.

Akaigeuza mashine, akamkuta kwenye benchi la getini, jasho linamtiririka, dada yake mkubwa akimhimiza ainuke.

"Muache mdogo wangu apumzike nyumbani," dada mtu alisema. "Mashine imesema mzima. Unabishana na mashine?"

"Nabishana nayo, ndiyo. Fundi, pandisha shati."

Akampimia palepale, watu wakitazama. Kando ya wengu kulikuwa na mkanda mweusi, mnene kama kidole. Ilikuwa damu. Machela ililetwa mbio, na safari hii hakuna aliyembishia. Wengu ulitolewa, na jioni fundi akafumbua macho.

Kesho yake Bi Rudia alipita wodini kumjulia hali. Dada mtu hakumwambia hata asante.

"Ungepima vizuri mara ya kwanza, mdogo wangu asingefika getini."

Shukrani ya punda mateke. Bi Rudia alitoka pale kwa hasira. Mashine huhifadhi picha zake zote, kwa hiyo alikwenda kuitafuta ile ya kwanza, amletee yule mwanamke aone kwa macho yake ilivyokuwa safi.

Akaipata, akaikuza. Chini ya wengu kulikuwa na uzi mweusi, mwembamba, lakini ulikuwepo, tena ulionekana bila kutafutwa. Alitamani kumtukana mkunga, akashindwa, maana aliyeshika kipimio siku ile hakuwa mkunga.

Alirudi wodini mikono mitupu.

"Dada, ulilosema ni kweli. Damu ilikuwepo tangu mwanzo. Mimi ndiye sikuiona."

Yule mwanamke aliendelea kumfuta mdogo wake uso kwa kitambaa. Bi Rudia alisimama akingoja atukanwe. Hakutukanwa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.