Siku Niliyolala Ndani ya Makala, Mama Akatoa Mbuzi

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla mtu mwingine hajanitangulia: mimi ambaye kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi nikiwafundisha namna ya kutuliza stresi, kupanga ratiba na kuwa watu wa kutegemewa, ndiye yule yule aliyesababisha mbuzi mzima aliwe na watu wenye bunduki, kisa nini, kuogopa karatasi. Wanafunzi huandika kila ninachosema kwenye madaftari yao, maskini, na hawajui kwamba huko mtaani kwetu Mikelenge bado kuna watu wazima wananiita Makala, yaani makaa (na mimi si mweusi kuliko wenzangu, ulizeni).

Ilikuwa miaka ya vita. Treni ilikuwa imeacha kufika mjini kwetu Kindu, chumvi tulikuwa tunapimiwa kwa kijiko, na vijana walikuwa wakikamatwa njiani wabebe mizigo ya askari hadi huko msituni, wengine wakirudi, wengine watu wakisema tu "alienda kubeba" kisha wananyamaza. Lakini shule iliendelea, walimu walikuja na viatu vilivyotoboka, na mimi nilikuwa darasa la tano la sekondari, kijana mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi na daftari jeupe.

Jeupe kabisa. Maana mimi nilikuwa na dawa yangu ya stresi, niliibuni mwenyewe: jambo likikutisha, usilitazame. Tangazo la mtihani likibandikwa ukutani, mimi napita upande wa pili wa uwanja. Mwalimu akirudisha kazi tulizofanya, naikunja yangu mara nne bila kuangalia alama, naiweka chini ya godoro, na kufikia mwezi wa tano godoro langu lilikuwa limeinuka upande mmoja. Zilipobaki siku kumi ndipo nikakurupuka, nikatafuta likasu (ile mbegu chungu watu wanayotafuna kufukuza usingizi), nikatafuna kama mbuzi, sikulala, nikameza fizikia na jiografia na historia vyote pamoja, hadi siku ya mtihani nikaona mto Lualaba unataka kuingia kwenye swali la hesabu.

Mama yangu hakujua lolote. Alikuwa anauza sombe, yaani kisamvu, sokoni, mama wa watu, na alikuwa na vitu viwili alivyovitunza kwa ajili yangu: mbuzi jike, ambaye majirani wote walimwita mbuzi wa diplome kwa sababu alikuwa akingojea nimalize shule achinjwe, na kopo la poda lililokaa juu ya kabati. Kwetu mtoto akifaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka anafanana na mtu aliyeanguka ndani ya unga, na anatembezwa mtaani hivyo hivyo ili hata asiyetupenda aone.

Asubuhi ya kusomwa matokeo mama alivaa kitenge chake cha sikukuu, kopo mkononi.

"Ramazani, leo nitafika mapema nisimame mbele. Usinipatishe haya, mutoto wangu."

"Hapana, mama."

Sasa, kwa wasiojua, matokeo yalikuwa yanasomwa uwanjani, wazazi wote wakisikia. Prefe, mkuu wa shule, anaanza na wa kwanza, anashuka, anashuka, na ambaye jina lake halikusomwa anabaki amesimama peke yake kama mti uliosahauliwa shambani, na kila mtu anamtazama. Mimi nilikuwa nimeshajihukumu. Nilipofika njia panda, wenzangu wakipinda kwenda shule, nikajiambia kitu kidogo tu, kidogo kabisa: ngoja nipite stesheni nikae kidogo, wakimaliza kusoma, rafiki yangu Shabani atanieleza. (Shabani mwenyewe sikumwambia chochote. Mpango wa hekima kama huo unahitaji siri.)

Pale stesheni mabehewa yalikuwa yamelala miaka, nyasi zimepita kwenye magurudumu. Nikachagua moja lenye mlango uliofunguka kidogo, nikaingia, nikauvuta mlango. Ndani kulikuwa na mifuko ya makala ya Mama Zaina, muuza makala wa sokoni, aliyegeuza behewa kuwa ghala lake. Nikapanda juu ya mifuko, mmoja ukapasuka, nikasema si kitu. Kumbukeni tangu zile siku kumi za likasu sikuwa nimepata usingizi wa maana. Niliweka kichwa chini nipumzike dakika tano, na hapo hadithi yangu inakatika, kwa sababu yaliyofuata nilisimuliwa tu, na nimesimuliwa mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Nilikuwa wa kumi na tisa. Prefe alisoma, "Ramazani, hamsini na tatu kwa mia!" Yaani nimefaulu. Nimefaulu kwa kukwaruza, lakini nimefaulu. Mama alikuwa ameshafungua kopo. Prefe akaita tena. Akaita mara ya tatu. Shabani akasema tuliachana njia panda, na mzazi mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba asubuhi ile askari walikuwa wakikamata vijana kwenye barabara ya stesheni (na ilikuwa kweli, walikamata watatu). Wanasema mama hakupiga kelele. Alirudisha kifuniko cha kopo, akakikaza vizuri, akaenda nyumbani, akamfungua mbuzi.

Alimvuta mbuzi yule kwa kamba hadi kwa komanda wa askari wale. Akapiga magoti, akaeleza: kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe la shule. Komanda alikuwa amekaa kwenye kiti, anajichokonoa meno. Akamtazama mbuzi, akamtazama mama, akasema, "Mama, rudi nyumbani. Mbele ya jua kuzama mutoto wako atafika." Hata jina langu hakuuliza.

Mimi wakati huo nilikuwa nakoroma.

Niliamka kwa kelele. Mlango ulikuwa wazi, mwanga wa alasiri umejaa, na Mama Zaina amesimama na beseni lake anatazama kitu cheusi chenye macho kikiinuka juu ya mifuko yake. Mle ndani kulikuwa na joto la tanuru, nilikuwa nimetoka jasho, na vumbi la makala lilikuwa limeshika kila mahali, mpaka kwenye masikio.

"Muzimu! Muungu wangu, muzimu iko ndani ya makala yangu!"

Beseni likaruka huko, yeye huku. Mtu mwenye akili angesema, samahani mama, ni mimi Ramazani. Mimi nilikimbia. Nilivuka reli, nikapita soko dogo, watu wakinipisha bila kuombwa, mbwa mmoja akinifuata kisha akabadili mawazo, mpaka Mikelenge, mpaka nyumbani, na nyumbani nikakuta uwanja umejaa wanawake wamekaa kwenye mikeka, miguu wamenyoosha, wanalia. Nikainama kwa bibi aliyekuwa karibu, nikamuuliza, "Nani amekufa?"

"Ni Ramazani," akajibu bila kuinua kichwa. Na mimi, kwa ujinga na kwa njaa, nilikaribia kulia pamoja nao.

Kisha akainua kichwa. Sitaeleza kelele zile. Mikeka ilibaki mitupu kwa kupepesa jicho, na katikati ya uwanja akabaki mama peke yake. Hakukimbia. Alinijia na makala yangu yote, akanikumbatia, kitenge cha sikukuu kikawa cheusi, akawa anasema, "Komanda alisema kweli! Alisema mbele ya jua kuzama! Muungu, aksanti!"

Sikuelewa chochote. Watu wakarudi, wakanizunguka, maswali yakaanza.

"Walikupiga?"

"Angalia namna iko! Walimubebesha makala!"

"Mifuko ngapi, mwanangu?"

Na hapa, wapendwa, ndipo ningeweza kujiokoa. Neno moja tu. Lakini bibi yule yule aliyenilia alikuwa ananitazama kwa huruma, Shabani alikuwa amenishika bega kama shujaa, na hakuna aliyekuwa ameniuliza habari ya matokeo. Nikainamisha kichwa.

"Ine," nikasema, nikionyesha vidole vinne.

"Mifuko ine! Na mwili ule!"

Basi uwanja ukageuka. Waliokuwa wanalia wakaanza kuimba, mama akakimbia ndani akatoka na kopo, "Hamsini na tatu kwa mia, na askari juu yake!", akanimwagia poda yote kichwani. Poda juu ya makala juu ya jasho. Shabani akaniinua mabegani, nikapunga mkono. Nasema ukweli kwa sababu tumekubaliana nikiri: nilipunga mkono.

Ndipo Mama Zaina akaingia, na nusu ya soko nyuma yake. Beseni alikuwa amelipata. Na juu ya beseni alikuwa ameweka kiatu. Akaninyooshea kidole.

"Njo huyu! Njo huyu alikuwa analala ndani ya makala yangu, anakoroma!"

"Nyamaza, Mama Zaina," mtu akamwambia, "huyu askari walimubebesha makala."

"Makala gani? Makala ni yangu! Mufuko amepasua, na kiatu ni hiki!"

Watu wote wakatazama miguu yangu iliyoning'inia kifuani kwa Shabani. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Mwingine haukuwa nacho. Shabani akanishusha polepole, namna unavyoshusha mzigo uliogundua kuwa si wako.

"Ni kweli?" mama akauliza.

"Niliogopa pursenti, mama."

Kisha Shabani, ambaye Mungu hakumpa breki mdomoni, akauliza, "Sasa... mbuzi je?" Na uwanja mzima ukacheka, walicheka hadi wakashikana, mwingine akarudi kukaa kwenye mkeka wa msiba ili acheke vizuri, na hapo hapo nikapewa jina la Makala. Ndipo nilipojua habari za komanda. Mtu mmoja alishauri twende tumdai, wakacheka zaidi.

Mama hakucheka. Alikaa kwenye kizingiti na kopo tupu mapajani, akaniambia taratibu, mimi tu nikisikia:

"Ungeniletea sifuri, ningekupikia sombe, tungekula, tungeanza tena mwaka. Leo nilikuwa napita kwa mifereji, moja moja, naangalia kama uko mule."

Nililia. Nililia kweli, mbele ya wote, na machozi yakachora njia zake usoni, nyeusi na nyeupe, na watu wakacheka tena.

Na bado haikuisha. Miezi yote komanda yule aliyokaa Kindu, kila akikutana na mama sokoni alikuwa anamwita kwa furaha, "Mama! Nilikurudishia mutoto, eh?" Na mama, ambaye alijua mtoto wake alirudishwa na beseni la Mama Zaina, alilazimika kuinama kidogo na kujibu, "Aksanti, komanda." Mimi nikiwa kando yake nimebeba sombe, nikitazama vidole vya miguu. Kwa pursenti hamsini na tatu.

Tangu hapo niliapa: karatasi yangu naifungua siku ile ile, na habari mbaya naipokea nikiwa nimesimama mahali mama anaponiona. Ndivyo nilivyokuwa mwalimu, ndivyo nilivyokuwa bingwa wa kufundisha stresi. Na somo langu kubwa kwa wanafunzi, ambalo nalirudia kila mwaka kwa kidole juu, ni hili: stresi ikipanda, tokeni kando kidogo, naweni maji, vuteni hewa mara kumi.

Sasa mwezi wa saba uliopita binti yangu Feza alikuwa akingojea matokeo ya darasa la tano, kwenye shule hiyo hiyo ninayofundisha. Mimi nimekaa na walimu, koti na tai. Mama yangu amezeeka, amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki, kopo la poda mkononi. Prefe akasoma, "Wa tatu, Feza Ramazani, sabini na nane!"

Hakuna aliyetoka. Akaita tena. Hakuna.

Vita vimekwisha mjini kwetu, najua, ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua kali, watoto wanakula biskuti. Lakini mimi niliona mifereji. Nilimnyang'anya prefe maikrofoni, nikapiga kelele, "Feza! Feza weee! Fungeni geti! Mutoto wangu iko wapi?" Nikaruka benchi, kiti cha mwalimu wa kemia kikaanguka pamoja na mwalimu wa kemia, nikakimbia nyuma ya madarasa na maikrofoni mkononi hadi waya ukakatika.

Feza alikuwa kwenye pampu ya maji. Uso umelowa, macho amefumba.

"Unafanya nini hapa?!"

"Papa, si wewe ulifundisha? Nilikuwa kwa hewa ya saba."

Nilirudi naye nimemshika mkono, shule nzima ikinitazama, wanafunzi wangu wa stresi wakiwa mstari wa mbele wanajiziba midomo. Mama alikuwa anacheka mpaka poda inamwagika kwenye kitenge chake. Aliponiona nimefika karibu, bado nahema, tai imehamia mgongoni, akafuta machozi ya kicheko akaniuliza:

"Ramazani, na mbuzi yako iko wapi?"

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea mmoja, jike, mwenye baka jeusi mgongoni. Mama alimfunga pale pale alipokuwa akifungwa yule wa zamani, akamtazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Miaka yote hii," akasema, "nilizani umesahau."