Mama Aliyevuruga Mabeseni ya Maharage

Juzi sokoni Kamembe nilisimama nyuma ya mama mmoja, uso nimeukunja, maana kusubiri sikuzaliwa nako. Muuzaji wa maharage alikuwa ameyapanga kwa rangi: beseni la mekundu, la meupe, la madoadoa. Kazi safi. Yule mama akachota kutoka kila beseni, akamwaga yote kwenye kikapu kimoja na kuyakoroga kwa mkono.

"Maman, unaniua!" muuzaji akapiga kelele kwa Kiswahili chao cha mpakani. "Nilichagua tangu asubuhi! Bantu banataka rangi moja."

"Hao banapika, Papa. Mimi napanda. Sezoni iliyoisha nilipanda mekundu tupu. Mvua ikazidi, yote yakaoza pamoja kama yalipatana. Batoto bakakula mihogo mpaka bakanichukia."

"Sasa mwaka huu rangi gani itapona?"

"Ningejua, ningenunua hiyo tu."

Nilicheka, hasira ikanitoka. Nimejisomea mwenyewe, bila mwalimu, jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, na nasema wazi kwamba siri ni hiyo hiyo. Balaa linalokuja hatulijui. Walio tofauti wakiwa wengi, yupo mmoja ambaye balaa litamshindwa, naye ndiye atakayezaa wanaofanana naye.

Muuzaji akainama, akatoa chini ya meza konzi ya maharage meusi yaliyokosa mnunuzi.

"Beba na haya bure, Maman."

Mama akayapokea kwa mikono miwili. Mvua haijawahi kupita sokoni kuuliza watu wanapenda rangi gani.