Nilimwambia Mzungu Kwamba Mama Masanja Anashukuru

Kosa ni langu. Simsingizii shetani wala siasa. Mdomo uliodanganya ni huu huu ninaolia ugali.

Mimi ni kijana wa Kisukuma. Wazazi wetu walihamia na ng'ombe bonde hili la Kilombero, nami nikakulia kijiji kimoja si mbali na Ifakara, nikichunga na rafiki yangu Masanja. Nilipelekwa shule, Kiingereza kikanikaa. Wakati wa uchaguzi nikapata kibarua cha kuwatafsiria waangalizi kutoka nje ya nchi.

Masanja alikuwa wakala wa upinzani kituoni kwetu. Asubuhi baada ya kura nilifika pale na mwangalizi, mama mmoja wa Kizungu, mpole. Mama Masanja akatujia mbio, miguu imejaa tope la majaruba ya mpunga. Kiswahili kinampiga chenga, kwa hiyo akasema kwa Kisukuma:

"Mwanangu, Mungu kakuleta! Mwambie mgeni wamemchukua Masanja. Wamemtoa kabla kura hazijahesabiwa, na alfajiri hii gari limeshika naye njia ya Malinyi. Awapigie simu wakubwa sasa hivi!"

Mzee wa chama tawala, aliyenipatia kile kibarua, alikuwa begani kwangu. Kisukuma anakielewa vizuri.

"Dogo," akaninong'oneza huku anatabasamu, "usituaibishe mbele ya wageni. Na wewe una mama hapa kijijini."

Mzungu akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikajibu, "Anashukuru mmekuja. Anasema wamepiga kura kwa amani."

Jamani! Hata sauti haikutetemeka!

Mzungu akafurahi, akampa mkono. Mama Masanja akaushika kwa mikono miwili, akapiga goti. Alidhani ameahidiwa. Kisha akanigeukia mimi: "Asante, mwanangu. Nilijua huwezi kumwacha ndugu yako."

Tukaondoka. Njia nzima hadi Mang'ula nilikaa pembeni ya yule mwangalizi. Hakukuwa na mzee wala mtu wa kunitisha, ningeweza kusema! Alinipa pipi. Nikaila.

Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba mataifa ya nje yana wasiwasi na uchaguzi wetu. Mawakala wamefukuzwa, kura zimehesabiwa gizani. Wakataja maeneo mengi. Kwetu wakasema kulikuwa shwari.

"Shwari?" jamaa mmoja akacheka pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga. "Hao waangalizi walishukia kijiji gani, cha mbinguni?"

Wote wakacheka. Nikajifanya nafunga gunia.

Masanja hajaonekana mpaka leo. Tumeuliza polisi, tumeuliza hospitali, hakuna anayejua. Ile asubuhi gari lilikuwa bado njiani labda. Simu moja ya mgeni, nani ajuaye! Wazo hilo linanila nikiwa macho, linanila nikilala.

Mama yake hunifuata kila siku ya gulio. "Yule mgeni hajajibu tu? Atakuwa amesahau, ana mambo mengi. Mkumbushe, wewe ndiye unayejua lugha yake."

"Nitamkumbusha, mama."

Uongo juu ya uongo! Nimeweza kukuambia wewe nisiyekujua, yeye nimeshindwa.

Kama unajua lugha za watu, nakusihi. Ukisimamishwa kati ya mama kama huyu na mgeni, sema alichosema, chote. Usidhani utarekebisha baadaye. Mimi nilidhani hivyo.

Jana ameniletea maziwa, eti nimekonda kwa kumhangaikia mwanawe. Nikayapokea.