Kitana Ndani ya Seva

Fundi wa kompyuta pale ofisini alijiita Bingwa. Mtu huyu nyumbani hatupi kandambili kuukuu mpaka mpya zimezoea mguu. Lakini siku ya kubadilisha diski mbili za seva, nzima ila zimezeeka, zenye mafaili yaleyale ili moja ikifa nyingine iokoe, akachomoa moja kwanza, akafuta kila kitu ndani yake, akachomeka mpya mahali pake. Angeweza kuchomeka mpya pembeni, ikanakili, ndipo atoe ya zamani. Tatizo, seva ilikuwa na nafasi moja tu ya ziada ya diski, na humo alikuwa anawekea kitana chake.

"Shemeji, una uhakika?" akauliza mhasibu, dada wa mkewe.

"Kwani nyingine si ipo?"

Mpya ikiwa bado inanakili, hiyo nyingine ikafa na mafaili yote. Bingwa akachukua kitana, akachana nywele, akaenda kumweleza bosi kwamba diski za siku hizi hazina adabu.